Santuri Iliyokataa Kufa

Ukipita Arua karibu na stendi ya mabasi, au ukifika Koboko siku ya soko, hutakosa kijana amekaa na kompyuta mbele ya kibanda. Unampa memori kadi, anakujazia nyimbo. Ukimwambia "nipe Franco," anakuwekea Franco mpaka kadi inajaa. Dakika chache, pesa kidogo, unaenda zako. Wengi wetu tuliotoka upande wa Kongo tumejaza simu zetu namna hiyo.

Siku moja nilikuwa nasikiliza wimbo mmoja wa zamani kwa waya mpya za masikioni. Chini ya gitaa nikasikia kitu kama mafuta yanakaanga polepole, halafu tik, halafu tik tena. Nikafikiri yule kijana ameniuzia kitu kibovu. Mzee jirani yangu akasikiliza, akacheka. "Ile ni sindano, mwanangu. Kuna mtu aliweka sahani kwenye santuri ndiyo akautoa wimbo huko."

Neno hilo lilinisumbua. Kwetu huku sijaona santuri inayofanya kazi tangu nizaliwe. Basi huyo mtu ni nani, na santuri nzima aliipata wapi? Nilipoanza kutafuta jibu nilifika mbali kuliko nilivyodhani: hadi mji mdogo wa Ulaya unaoitwa Litovel.

Kabla ya kwenda mbali tukubaliane maneno. Wazee wengine huita santuri ile mashine, wengine lile duara jeusi. Hapa mashine nitaiita santuri, na duara nitaliita sahani. Sahani imechorwa mfereji mwembamba sana unaozunguka kutoka pembeni hadi katikati. Sindano inapita ndani ya mfereji, inatikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Hakuna uchawi, ingawa watu wa kwanza kuiona waliona uchawi.

Santuri za mwanzo zilifika Afrika bila kuhitaji umeme. Unazungusha mkono wa chuma, springi inajikaza, sahani inazunguka. Ile ya kubebwa kama sanduku, kwa mfano HMV 102 ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, ilifaa hata mahali ambapo waya wa stima haujafika. Sahani zake zilizunguka mara 78 kwa dakika, zikabeba wimbo wa dakika kama tatu tu kila upande. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu kutoka India. Zilikuwa nzito, na ukiiangusha moja, imekwisha.

Kwa sahani hizo ndipo muziki wa Kongo ulianza kusafiri. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis, alianzisha lebo ya Ngoma mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy akaimba "Marie-Louise," gitaa likipigwa na Henri Bowane. Wimbo ulivuma hadi watu wakasema ukiupiga usiku wa manane unaamsha wafu, na wakubwa wa kanisa hawakufurahi. Mwaka 1950 ikaja lebo ya Loningisa, ya Mgiriki mwingine, Papadimitriou. Humo ndimo Franco na OK Jazz walianza kurekodi mwaka 1956. Muziki huo haukuomba kibali mpakani.

Sasa mbona santuri ilipotea kwetu? Sababu ya kwanza ni kaseti. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha mwaka 1963. Kaseti haihitaji meza iliyonyooka, inaimba kwa betri hata juu ya baiskeli, na nakala unajitengenezea mwenyewe nyumbani. Kwa msikilizaji ilikuwa neema. Kwa waliorekodi na kuuza sahani ilikuwa msiba, kwa sababu nakala za wizi zilijaa sokoni.

Sababu ya pili tunaijua sisi kuliko wengine. Mwezi wa nne mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka. Mwaka huo na uliofuata watu wengi mno wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Wenyeji wanaotupokea leo ndio waliokuwa wakimbizi wakati ule, kwetu. Na mtu anayekimbia habebi sahani. Anabeba mtoto, sufuria, blanketi. Kaseti inaingia mfukoni, wimbo unaingia kichwani, lakini rundo la sahani linabaki ndani ya nyumba, na nyumba tunajua huwa inafanywa nini.

Ulaya hawakukimbia vita wakati huo, lakini huko nako santuri ilihukumiwa kufa. Mwaka 1982 Philips na Sony wa Japani walileta CD. Mwaka huohuo Dual, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa imewauzia watu wa kawaida santuri nyingi sana, ilifilisika. Wauzaji wakasema CD haina mikwaruzo na haichakai, basi nani atataka sindano tena? Watu wakatupa santuri zao jaani. Viwanda vikauza mashine kama chuma chakavu, na mafundi wakatafuta kazi nyingine. Wachache walishikilia, kama Rega ya Uingereza iliyoanza mwaka 1973.

Lakini Czechoslovakia, nchi iliyokuwa chini ya ujamaa, CD ilichelewa. Litovel, mji mdogo wa jimbo la Moravia, ulikuwa na kiwanda cha santuri cha Tesla, shirika la serikali la vifaa vya umeme. Kwa sababu wananchi wa huko bado walitumia sahani, wafanyakazi waliendelea kutengeneza santuri wakati wenzao wa Magharibi wameshafunga. Mwishoni mwa mwaka 1989, wiki chache baada ya Franco kufariki, utawala ule ulianguka. Mipaka ikafunguka, bidhaa za Magharibi zikamiminika, na kiwanda cha Litovel kikabaki na kitu ambacho dunia imeambiwa hakitakiwi.

Hapo ndipo anaingia Heinz Lichtenegger, mfanyabiashara wa Austria aliyekuwa akiuza vyombo vya muziki. Wengine walipotazama Litovel waliona kiwanda kilichopitwa na wakati. Yeye aliona watu wanaojua kazi. Akapeleka mawazo ya kuboresha santuri, wao wakaijenga, na mwaka 1991 ikatoka ya kwanza kwa jina la Pro-Ject: Pro-Ject 1. Miaka miwili baadaye Czechoslovakia yenyewe iligawanyika ikawa nchi mbili. Kazi ilibaki Litovel, ambayo sasa iko Jamhuri ya Czech.

Siri ya bei yake ni jambo ambalo fundi yeyote wa Koboko atalielewa. Adui wa santuri ni mtikisiko usiotakiwa. Mota ikitetemeka, sindano inausikia mtetemo ule kama sehemu ya wimbo. Kwa hiyo mota inatengwa pembeni, na inazungusha sahani kwa mkanda wa mpira unaomeza mtetemo. Halafu wakaondoa mapambo yote. Hakuna mkono unaojiinua wenyewe, hakuna taa, hakuna vitufe vingi. Ukitaka kubadilisha mwendo kutoka sahani kubwa kwenda ndogo, kwenye zile za bei ya chini unahamisha mkanda kwa kidole. Pesa iliyookolewa ikaenda kwenye vitu ambavyo sikio linavihitaji: mhimili unaozunguka bila kuyumba, mkono mwepesi ulionyooka, na sindano nzuri, nyingi zikitoka Ortofon ya Denmark. Mwaka 1999 wakaleta Debut, ya bei ya chini zaidi, na jina hilo liko sokoni mpaka leo.

Litovel haikuwa peke yake. Katika nchi hiyohiyo, mahali panapoitwa Loděnice, kulikuwa na kiwanda cha kukandamiza sahani zenyewe, kilichoanza mwaka 1951. Nacho hakikutupa mashine zake. Leo, kwa jina la GZ Media, ndicho kikubwa kuliko vyote duniani kwa kazi hiyo. Kuchelewa ambako watu walikuona aibu ndiko kuliwaokoa. Na wateja walirudi kweli: mwaka 2022 Marekani ziliuzwa sahani milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza sahani kuishinda CD tangu 1987.

Sasa turudi kwenye ule mkwaruzo ndani ya simu yangu. Mtu wa Ulaya akishakuwa na santuri nzuri anatafuta cha kuweka juu yake, na baadhi yao wanatafuta sisi. London kulikuwa na duka la vifaa vya umeme, Stern's, ambalo tangu zamani liliwauzia wanafunzi Waafrika sahani za kwao, na baadaye likawa lebo inayochapisha upya muziki wa Kiafrika. Ubelgiji kuna lebo inayoitwa Planet Ilunga, inayotoa tena rumba ya Kongo ya zamani kwenye sahani mpya. Wengine ni watu binafsi wanaonunua sahani kuukuu, wanazipiga kwenye santuri zao, wanaingiza wimbo intaneti. Kutoka huko unashuka hadi kwa kijana wa kibanda, na kutoka kwake hadi kwenye kadi yangu. Yani wimbo umeimbwa Léopoldville, umeenda kuishi Ulaya, na umenifikia Koboko ukiwa na sauti ya sindano ya mtu nisiyemjua.

Simlaumu mtu huyo. Bila yeye nisingesikia kitu. Lakini tusijidanganye na neno "bei nafuu." Debut Carbon Evo ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa dola 499 Marekani. Huko hiyo ni bei ya mtu wa kawaida. Hapa, chukua hela ya mgao ya mtu mmoja kwa mwezi, anza kuhesabu miezi, utachoka kabla hujafika. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kama urithi wa binadamu wote. Tulicheza, tulifurahi. Lakini sahani zenyewe, zile zilizoshika sauti mara ya kwanza, kuzikuta Brussels ni rahisi kuliko kuzikuta Aru.

Sisemi shirika lituletee santuri. Kwenye vumbi la kiangazi sindano haimalizi wiki. Ninachosema ni kwamba kitu hakiokolewi na mapenzi peke yake. Wote walioitupa santuri jaani walikuwa wameipenda. Iliokolewa na watu waliobaki na vifaa vyao na ujuzi wao siku ambayo wengine waliacha, na mtu mmoja aliyeona kazi yao ina thamani akawapa soko.

Uganda yenyewe ina mfano. Klaus Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907, akaondoka Ujerumani kwa sababu ya Manazi na ubaguzi wao dhidi ya Wayahudi, akafika Uganda mwaka 1937. Baadaye akawa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, na kuanzia mwaka 1949 alizunguka nchi akirekodi waimbaji na wapiga ala. Kwa maneno mengine, mtu aliyefukuzwa kwao ndiye aliyewatunzia wenyeji sauti zao. Rekodi zilihifadhiwa London, na miaka mingi baadaye nakala zilirudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Zilirudi kwa sababu kuna mtu alirekodi, akaandika nani kaimba na wapi, halafu akaweka mahali salama.

Hayo matatu sisi tunayaweza leo. Simu ya kawaida inarekodi sauti kuliko mashine aliyokuwa nayo Wachsmann. Lobule, Rhino Camp, Imvepi, kote kuna wazee wenye nyimbo za Kikakwa, za Kilugbara, za Kilogo, za Kilingala cha zamani, ambazo hazijawahi kuguswa na sindano yoyote. Ndugu zetu wa mashirika, kila mwaka mnatuhoji: watu wangapi nyumbani, vyoo vingapi, mnakula mara ngapi. Maswali ni ya lazima, tunayajibu. Siku moja ongezeni moja: mzee, unajua wimbo gani? Na vijana wa vibanda, nyinyi mna kompyuta tayari. Mkiweza kutunza Franco, mnaweza kumtunza bibi wa jirani.

Mimi nimeanza na yule mzee aliyenicheka. Alikaa juu ya kibao, akaimba wimbo wa mavuno wa kwao, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikohoa. Nimeandika jina lake, kijiji chake na tarehe. Nakala moja iko kwenye simu yangu, nyingine kwa binti yake, ya tatu kwenye kompyuta ya kibandani. Ukiisikiliza hutasikia sindano. Utasikia jogoo, na upepo unapiga turubai.