UZI: Kituo cha data kikija, kazi itabaki wapi?

1/ Siku hizi jukwaani si barabara na maji tu. Mmoja anasema, "Tutaleta vituo vya data, vijana watapata kazi." Mwingine anajibu, "Hiyo ni kutuuza tena." Hapa Ruiri nimesikia yote mawili sokoni, na mtandaoni ni yale yale. Kabla hujachagua upande, wacha turudi kwenye historia kidogo. Uzi huu si wa chama chochote.

2/ Kituo cha data ni jumba lenye maelfu ya seva zinazoongea usiku na mchana. Zamani ziliongea kwa waya za shaba. Data ikawa nyingi mno, shaba ikashindwa, wakageukia mwanga. Sasa kila waya ya faiba ina kifaa cha ukubwa wa kidole kinachogeuza umeme kuwa mwanga, na mwanga kuwa umeme tena. Ndani ya vingi vya vifaa hivyo kuna chipu ya silikoni yenye njia za kupitisha mwanga. Hiyo ndiyo fotoniki. Bila hivyo vifaa, jumba ni godown tu.

3/ Wanaosema "waje tu" wana hoja. Mwaka 1966 Charles Kao, akiwa Uingereza, alieleza kwamba kioo kikiwa safi vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano mbali sana. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikakipata kioo hicho. Kao alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka huo huo nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na tukaanza kuachana na setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na polepole. Faiba hiyo hatukuitengeneza sisi, lakini leo unasoma uzi huu kwa bando. Kwa hivyo si lazima utengeneze kila kitu ndio ufaidike.

4/ Lakini watu wa Meru na Embu tunajua upande wa pili. Mpaka miaka ya 1930, Mwafrika nchini Kenya alizuiwa kulima kahawa. Serikali ya mkoloni ilipolegeza, ilianza kwa majaribio Meru, Embu na Kisii, kwa masharti makali. Walisema wanaogopa magonjwa na ubora kushuka. Masetla nao waliogopa kukosa vibarua. Wazee wetu wakapata ruhusa ya kupanda. Kukaanga, kufunga na kuweka jina kwenye pakiti kukabaki Ulaya. Hadi leo kahawa yetu nyingi inatoka nchini ikiwa mbichi.

5/ Sasa nenda Lubumbashi, kwa Waswahili wenzetu wa Congo. Karibu na hapo kuna mgodi wa Kipushi, uliochimbwa kuanzia miaka ya 1920 hadi 1993. Pamoja na shaba na zinki, ulikuwa na gerimani. Gerimani huchanganywa kwenye kiini cha faiba ili mwanga usitoroke, na kwenye chipu ndiyo hupokea mwanga na kuugeuza umeme. Masalia ya tanuru yalirundikwa mjini mpaka yakawa mlima.

6/ Mwaka 2023 China ikaweka masharti ya kuuza gerimani nje, na dunia ikaukumbuka ule mlima. Oktoba 2024, kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la serikali ya Congo, ikatuma shehena ya kwanza ya gerimani ghafi iliyochakatwa pale pale. Ilikwenda wapi? Ubelgiji, kwa Umicore, kusafishwa. Ni hatua moja mbele, kwa sababu zamani hata hiyo haikubaki. Ila hatua zenye pesa zaidi bado ziko kwingine.

7/ Kuna waliotoka hapo? Ndiyo. Mwaka 1972 Intel ilifungua kiwanda Penang, Malaysia. Hawakuvumbua chipu, walizifunga na kuziunganisha tu, tena kwa mikono. Lakini mafundi walijifunza, kampuni za wenyeji zikaanza kuuza vipuri na mashine, na leo Malaysia ni kati ya nchi kubwa duniani kwa kufunga na kupima chipu. Kwa fotoniki hatua hiyo ina uzito zaidi. Kuunganisha faiba na chipu kunataka usahihi wa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na hapo ndipo gharama nyingi huenda.

8/ Kwetu je? Mei 2024 Microsoft na G42 walitangaza mpango wa dola bilioni 1, ukiwa na kituo cha data Olkaria kwa umeme wa mvuke, kuanzia megawati 100. Na ng'ambo ya mlima, Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na chipu. Olkaria mpango ulikuwa kuuza mvuke. Nyeri tunajenga ujuzi. Mjadala mwingi unaongelea ya kwanza na kusahau ya pili.

9/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na hadithi ya kituo cha data, usimshangilie na usimzomee. Muulize:
– Wajenzi wakiondoka, kazi za kudumu zitabaki ngapi?
– Umeme watanunua bei gani, na laini mpya italipwa na nani?
– Kupima, kurekebisha na kuunganisha vifaa, ni kipi kimeandikwa kwenye mkataba kifanyike hapa, na kufikia mwaka gani?
– Vyuo vyetu vya ufundi vimetajwa, ama ni picha za kukata utepe tu?

10/ Wazee wetu walipewa ruhusa ya kulima baada ya mengine yote kuamuliwa. Safari hii mikataba mingi bado haijasainiwa. Ukiwa na swali la tano, liweke hapo chini.