Ubatizo Mmoja, Meza Mbili
Mlutheri anapofunga ndoa na Mkatoliki habatizwi tena, kwa kuwa Kanisa linautambua ubatizo wake wa maji kwa jina la Utatu Mtakatifu. Tena, tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, pande zote mbili zilitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Mbona basi wanandoa hao hawapokei Ekaristi pamoja? Walutheri wengi huona ubatizo unatosha kumkaribisha mtu mezani. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba Ekaristi ni ishara ya ushirika kamili, ambao bado haujafikiwa. Uchungu wao ni wa kweli, wala usiitwe ukaidi. Kanuni ya 844 huruhusu Komunyo katika hatari ya kifo au hitaji zito, kwa mwenye kuiomba mwenyewe na kuisadiki imani ya Kanisa juu ya Ekaristi.