Seva Iliponyamaza

Usiku wa 4 Machi 2013 hapa Kinanie tulikesha mbele ya runinga. Matokeo ya muda yalikuwa yakitumwa kwa simu kutoka vituoni, mara seva ikazidiwa na namba zikagoma kusonga. Waliokumbuka 2007 walinyamaza. Ikabidi wasimamizi wa maeneobunge wapeleke fomu zao Bomas, na mshindi akatangazwa tarehe 9.

Mimi hutunza seva ya ghala moja hapa. Watu wakiingia kwa wingi, inaganda. Kuizima na kuiwasha ni rahisi, lakini bana, ukifanya hivyo kabla ya kusoma kumbukumbu zake, kesho itaganda tena na hujui kwa nini.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume zikaguliwe. Amri haikutimizwa kikamilifu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa.

Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni. Nilitafuta ya kituo changu. Namba zilikuwa zilezile zilizobandikwa mlangoni. Usiku ule nililala.