Misa ya Wafu kule Coventry

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliupiga mji wa Coventry, Uingereza, na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli likateketea. Zilisalia kuta na mnara. Mkuu wa kanisa, Richard Howard, aliagiza ombi lichongwe ukutani nyuma ya madhabahu ya magofu, kumwomba Baba asamehe. Hakutaja wa kusamehewa ni nani. Hakuwatenga Wajerumani na kujihesabia haki.

Kanisa jipya liliwekwa wakfu kando ya magofu hayo tarehe 25 Mei 1962, na siku tano baadaye ikaimbwa humo War Requiem ya Benjamin Britten, mtu ambaye dhamiri yake ilikataa kushika silaha. Kwaya iliimba misa ya wafu kwa Kilatini. Tutaulizana, je, kifungu cha 24 kati ya vile 39 vya kanisa letu hakikatazi sala kwa lugha isiyofahamika na watu? Chakataza, nasi twakishika. Lakini Britten alichanganya Kilatini hicho na mashairi ya Kiingereza ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja tu kabla ya vita kwisha.

Basi tusikilize mahali pamoja. Kwaya yaimba ahadi aliyopewa Ibrahimu na uzao wake. Ndipo shairi la Owen lasimulia Ibrahimu mwingine: malaika amwonyesha kondoo, naye akataa, amchinja mwanawe, na pamoja naye nusu ya vijana wa Ulaya. Na wavulana, kwa mbali, waimba wakimtolea Bwana dhabihu na sala. Sisi tuhubirio Mwanzo 22 hufurahi mno tufikapo kwenye kondoo.

Britten alitaka waimbaji watatu: Mwingereza Peter Pears, Mjerumani Dietrich Fischer-Dieskau, na Mrusi Galina Vishnevskaya. Serikali ya Urusi ilimzuia mama huyo, na Heather Harper akaimba badala yake. Fischer-Dieskau alikuwa amevaa sare ya jeshi la Ujerumani, tena akawa mfungwa wa vita. Mwishoni aliimba sehemu ya askari aliyekufa, akutanaye kuzimu na adui aliyemwua na kumwita rafiki. Walipomaliza alilia, hata Pears akapata taabu kumwinua kitini.