Daftari la Nyumba ya Baba

Baada ya arobaini ya baba, mama alinikabidhi sanduku la bati lenye karatasi zake. "Wewe ndiye mtu wa mahesabu," aliniambia, "angalia kama alikufa na deni la mtu." Chini kabisa, chini ya hati na vyeti vyake vya ualimu, nilikuta daftari la shule ambamo aliandika habari zote za ujenzi wa nyumba yetu ya Mbaga, kuanzia 1984 hadi 1988. Kamati iliponiomba niandike historia fupi kwa kijitabu cha harambee ya mwaka huu, sikuona haja ya kwenda mbali zaidi ya daftari hilo.

Kwa macho ya mhasibu, daftari lina kasoro nyingi. Fedha zimeandikwa kwenye kurasa nne tu. Zinazobaki zote ni majina ya watu na siku: nani alikuja, alifanya nini, na mbele ya kila jina kuna nafasi tupu. Ilinichukua jioni nzima kuelewa ile nafasi tupu ni ya nini.

Wenye umri mkubwa kuliko wangu mnajua. Nyumba ya babu ilikuwa ya miti, fito na udongo, na paa la nyasi. Mtu akitaka kujenga alitoa taarifa, na siku ya msaragambo ilipofika vijana walikata miti na fito, wanawake wakaleta nyasi na maji, kisha wote wakakandika. Mwenye nyumba alipika makande na kuandaa dengelua. (Waliookoka na Wasabato walipewa chai, na nasikia chai ndiyo iliyokuwa na sukari haba.) Hakuna aliyelipwa, lakini hakuna aliyesahau vilevile. Uliyemkandikia nyumba leo alijua kwamba kesho ni zamu yako.

Wala msaragambo haukuwa wa nyumba peke yake. Ndiva zetu, yale mabwawa ya kukusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kumwagilia mashamba, hazikujengwa na mkandarasi. Watu walizichimba, wakazibua mifereji yake kila msimu, na waliotumia maji ndio waliotoka kufanya kazi. Ni watu hao hao walioshuka kwa maelfu hadi Same mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru. Waliokwisha kuzoea kuitana kwa ajili ya mfereji hawakupata tabu kuitana kwa ajili ya kodi. Baada ya Uhuru, mkono huo huo ulijenga madarasa, hasa pale serikali ilipotaka kila mtoto aandikishwe shule ya msingi kufikia 1977.

Baba alianza kujenga wakati mbaya. Vita vya Kagera vilikwisha 1979 vikaacha nchi bila fedha za kigeni. Saruji na bati vilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kumjua mtu. Mshahara wa mwalimu hata kama ungetosha, hapakuwa na cha kununua. Kwa hiyo alianza na vile ambavyo mlima wenyewe unatoa. Ukurasa wa kwanza ni wa mawe ya msingi. Miamba waliipasha moto kwa kuni usiku kucha, asubuhi wakaimwagia maji ikapasuka, kisha wakaimalizia kwa nyundo. Kurasa zinazofuata ni za matofali: waliofyatua, walioteka maji, waliopanga tanuri, waliokesha kulichochea. Mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini, wa chini akila unga wa mbao siku nzima. Kuta zilijengwa kwa tope. Saruji ilisubiri, na kwa miaka miwili nyumba yetu ilisimama bila paa, ikifunikwa majani ya migomba juu ya kuta ili mvua isizile.

Serikali ilipolegeza uingizaji wa bidhaa kuanzia 1984, pole pole bati zikaonekana madukani kwa mwenye fedha. Baba aliuza ng'ombe wawili na kukopa kwa shemeji yake. Hiyo ndiyo ile kurasa nne za fedha. Bati zilinunuliwa Moshi mwaka 1986, zikafika Same, na gari likazipandisha kupitia Mwembe mpaka mahali ambapo barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Dereva alizishusha pale akageuza.

Hapa nakumbuka mwenyewe, maana nilikuwa na miaka saba. Jioni ile baba alipita nyumba kwa nyumba. Alfajiri watu walishuka na ngata vichwani, wanaume kwa wanawake, wakapanda na bati mbili mbili, na jua lilipotoka mlima ukawa unametameta. Daftari linasema walikuwa watu 23. Mmoja wao, jirani ambaye nitamwita Mzee tu, alishuka na kupanda mara tatu. Mbele ya jina lake jumla ni siku tisa: mawe siku mbili, tanuri siku nne, kenchi siku mbili na bati siku moja. Mara tatu zile baba aliziandika siku moja. Ningekuwa mkaguzi ningeuliza.

Ile nafasi tupu ilikuwa ya kujaza siku ambazo baba alilipa. Mbele ya majina mengi imejazwa: alikwenda kufyatua, alikwenda kuezeka, alikwenda kuchimba kaburi. Mbele ya jina la Mzee haina kitu, na chini yake kuna sentensi moja kwa wino wa rangi nyingine: "Nilituma fedha, zimerudi."

Nilimuuliza mama. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba Mzee alipoanza kujenga nyumba yake, sisi tulikuwa tumehamia mjini kwa uhamisho wa baba. Baba alituma bahasha kwa mtu aliyekuwa anapanda, yenye fedha za kutosha kulipa vibarua kwa siku tisa na zaidi. Bahasha ilirudi na mtu yule yule, haijafunguliwa, na salamu: "Mwambieni mwalimu sikumuuzia siku zangu." Hawakugombana. Walizikana na kusalimiana kila Desemba. Lakini mama anasema baba hakuwahi tena kupita mbele ya nyumba ile bila kuangalia paa lake.

Naandika haya nikijua mimi ni mbaya kuliko baba. Kijiji kilipojenga madarasa ya sekondari ya kata, nililetewa orodha ya msaragambo nikiwa na kazi ya kufunga hesabu za mwaka. Nilituma mchango kwa simu na sikuwaza tena. Ulipokelewa, ukatolewa stakabadhi, ukatumika vizuri. Vitabu viko safi. Aliyebeba mchanga kutoka mtoni siku ile alikuwa binti wa Mzee. Hilo nalo nimelijua kwa mama.

Mwaka huu tunajenga nyumba mbili za walimu. Walimu wanaopangiwa kwetu hupanga vyumba mbali na shule, na baadhi huomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha. Fedha zinahitajika kweli: bati, saruji, nondo, milango na malipo ya fundi havitoki mlimani, na hakuna siku za mtu zitakazovilipa. Bajeti iko ukurasa unaofuata, nimeikagua mwenyewe. Ila mawe ya msingi, mchanga na kufyatua matofali kamati imeviacha nje ya bajeti kwa makusudi, na siku zake ni wiki ya mwisho ya Desemba, wakati wengi wetu tuko nyumbani.

Orodha ya majina iko kwa katibu. Nimejiandikisha siku tisa. Mama amecheka, akaniuliza kama nimeuliza mgongo wangu. Kabla ya hapo nitapita kwa binti wa Mzee, ambaye jiko lake, naambiwa, linavuja.