Mneso: Jina la Kinachobeba Gari

Kigonsera, kando ya barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, kijana anayejifunza ufundi aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu kwa sentensi moja. Ana Corolla KE70 ya steshenwagoni, gari la zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ameifufua kwa mikono yake, na ndoto yake ni kuiingiza siku moja katika mbio za mstari mnyoofu.

"Shikamoo mzee," alisema. "Nataka gari liondoke kwa nguvu bila tairi kuchapa. Nibadilishe difu, springi, au shokapu?"

"Marahaba mwanangu," nilimjibu, kisha nikakwama. Alikuwa ametaja vitu vitatu, lakini alichokuwa akiuliza ni kitu kimoja: ule mpangilio mzima unaoshika ekseli ya nyuma, unaobeba bodi na kuamua tairi itagusa ardhi namna gani. Kitu hicho kipo chini ya kila gari linalopita hapa, kuanzia Hiace za abiria hadi malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Jina la Kiswahili la kukijumlisha hatujakubaliana bado. Makala haya ni jaribio la kulipata jina hilo, na kuonyesha kwamba jina likiwa sahihi, jibu la yule kijana nalo huwa rahisi kupatikana.

Majina yanayotumika sasa ni matatu. La kwanza ni la kukopa: saspensheni. Mafundi wa mjini hulitamka, na sina ugomvi na maneno ya kukopa. Kompyuta iliishinda ngamizi na tarakilishi kwa sababu watu waliizoea mdomoni, na shokomzoba, jina jingine la shokapu, ni neno letu kabisa leo. Ila saspensheni halimfundishi kitu anayelisikia mara ya kwanza. Linabaki kuwa sauti tu.

La pili ni la kutafsiri: mning'inio. Mzizi wa neno la Kiingereza ni kutundika, na katika magari ya farasi ya Ulaya bodi ilitundikwa kweli, kwa mikanda ya ngozi. Leo hakuna kinachoning'inia kwa namna ile: bodi imekaa juu ya springi. Tena jaribu kulifanya kitenzi. Ukisema "gari linaning'inia", msikilizaji atakimbia kuangalia kama limetokeza nje ya daraja. Istilahi ambayo kitenzi chake kinapotosha haitakaa gerejini.

La tatu ni la kueleza: mfumo wa springi na shokapu. Hili ni la kweli, lakini ni refu, na limesahau mikono na bushi zinazoizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala upande. Ndiyo maana kijana wetu alidhani anachagua kati ya springi na shokapu. Jina lenyewe lilimpa vipande viwili na kuuficha uhusiano wao.

Mimi napendekeza mneso. Kunesa ni kitenzi cha Kiswahili cha siku nyingi. Ubao uliolazwa juu ya kijito hunesa ukiukanyaga, kitanda cha kamba hunesa, na mti wa kubebea mzigo unaokaa mabegani mwa watu wawili hunesa kwa kila hatua. Kinachonesa hupokea uzito, hujipinda, kisha hurudi. Mambo hayo matatu ndiyo kazi nzima ya kile kilicho chini ya gari, na kitenzi kimoja kimeyabeba yote. Tena neno hili linazaa. Tunaweza kusema mneso wa mbele na mneso wa nyuma, mneso mgumu na mneso laini. Tunaweza kusema gari hili limekufa mneso, au limepakiwa mpaka halinesi tena. Fundi hahitaji kufundishwa; anahitaji kukumbushwa tu.

Neno hili likishakubalika, sehemu zake zinajipanga kwa maswali matatu. Gari linanesa kiasi gani? Hiyo ni kazi ya springi. Linatulia upesi kiasi gani? Hiyo ni kazi ya shokapu. Linaponesa, nini kinaizuia ekseli isihame mahali pake? Hiyo ni kazi ya mikono na bushi, au ya springi zenyewe kama ni zile za mabamba yaliyobebana.

Hapa pana kosa moja ambalo shokapu amelirithi kutoka katika jina lake la Kiingereza. Jina linadai kwamba anameza mshtuko. Anayeupokea mshtuko hasa ni springi. Shokapu huja baadaye kulizuia gari lisiendelee kunesanesa. Ndani yake mafuta hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mneso hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo katika maandishi ya kufundishia ningependa aitwe kitulizi, ingawa najua dukani ataendelea kuwa shokapu, na si vibaya.

Upande wa ekseli, tatizo ni kinyume chake: neno tunalo, ila linabeba mizigo mingi. Dukani ukiomba ekseli utapewa shafti inayotoka kwenye difu kwenda gurudumuni. Ukiomba difu, mmoja atakupa gia za ndani, mwingine atakutolea chuma kizima pamoja na breki zake. Kijana anayetumwa Songea kununua kipuri kwa maneno haya anaweza kurudi na kitu kingine kabisa, na nauli imekwenda. Wapo wanaotaka tuseme mhimili, lakini neno hilo tayari lina kazi kubwa, kwa dunia inayozunguka na kwa dola yenye mihimili mitatu. Tuliache lipumzike. Ekseli ibaki, ila tutenganishe: shafti ni ule mti wa chuma unaozungusha gurudumu, difu ni gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili, na chuma kizima kinachokingama kutoka gurudumu hadi gurudumu, difu ikiwa tumboni mwake, ningekiita ekseli ya gogo. Ni gogo kweli: upande mmoja ukipanda jiwe, upande wa pili nao huinama. Pale ambapo difu imefungwa kwenye bodi na kila gurudumu linanesa peke yake, kama katika Mark II za GX100, tuseme mneso huru.

Sasa turudi kwenye swali. Mbio za mstari mnyoofu hazina kona. Magari mawili husimama sambamba, huondoka pamoja, na umbali wa jadi ni robo maili, yaani mita 402. Huko Marekani, Wally Parks alianzisha chama cha mbio hizo, NHRA, mwaka 1951 ili kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka kwenye njia zilizofungwa. Mshindi mara nyingi hupatikana katika mita chache za kwanza, na hizo huamuliwa na mneso wa nyuma.

Gari linapoondoka, uzito hurudi nyuma. Kiasi chake kinahesabika: chukua uzito wa gari, zidisha kwa ukali wa uondokaji, zidisha kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka chini, kisha gawanya kwa urefu kati ya ekseli mbili. Tuchukue gari la kilo 1,200, kitovu chake kikiwa nusu mita kutoka chini na ekseli zikiachana mita 2.5. Likiondoka kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, kilo 120 zitahama. Kama mbele na nyuma zilikuwa na kilo 600 kila upande, sasa nyuma zipo 720 na mbele 480. Zile 120 ni zawadi kwa tairi za nyuma, kwa kuwa tairi iliyokandamizwa hung'ata ardhi.

Lakini zawadi huja na fujo yake. Propela, mti wa chuma unaoleta mzunguko kutoka kwenye giaboksi, inapozungusha pinioni, gia ndogo ya difu, pinioni hutaka kuupanda mduara wa krauni, gia kubwa, na pua ya difu huinuka. Kwenye springi za mabamba, kama zile za steshenwagoni ya kijana wetu, ekseli hujisokota na springi hujikunja mfano wa herufi S. Zikifika mwisho wa kujikunja hurudi ghafla, tairi huruka, hugusa, huruka tena. Dereva husikia kishindo mfululizo chini ya kiti, na shafti ndiyo hukatika. Mneso unaohitajika kwa mzigo umegeuka adui, kwa kuwa umetokea upande usiotakiwa. Kwa hiyo kuongeza bamba la springi pekee si jibu. Jibu ni kuiacha springi ibebe, na kuipa ekseli mikono ya kuizuia isijisokote.

KE70 ya saluni ilitoka kiwandani na ekseli ya gogo inayoshikwa na mikono minne juu ya springi za koili. Hapo kazi zimegawanywa: koili hubeba, mikono huongoza. Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza kwake ulikuwa kutafuta mpangilio wa saluni kabla ya kuwaza difu ya Hilux. Difu ile ina nguvu, ndiyo, lakini ekseli yake ni nzito na ni pana zaidi, na uzito ulio chini ya springi haubebwi na springi. Hupigana na tairi moja kwa moja. Ekseli kubwa ina maana pale injini inapokuwa kubwa kiasi cha kuivunja ndogo.

Je, mneso huru si bora zaidi? Kwa barabara ya makorongo na abiria, mara nyingi ni bora. Kwa mstari mnyoofu, gogo lina faida zake: nyuma inapodidimia, tairi mbili hubaki zimelala bapa, wakati kwenye mneso huru zinaweza kuinama na kukanyagia ukingo wa ndani. Gogo nalo lina dosari. Msokoto wa propela hukandamiza gurudumu moja na kulipunguzia lenzake uzito, ndipo unaona alama ya tairi moja tu ikibaki chini. Historia yetu ya mbio inaonyesha kwamba hakuna upande wenye ukweli wote. Katika Safari Rally, iliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la ekseli ya gogo juu ya koili. Mwaka 1970 ushindi ukaenda kwa Datsun 1600 SSS, yenye mneso huru.

Difu nayo ina mawili ya kuangaliwa. Kwanza hesabu ya meno: krauni yenye meno 41 na pinioni yenye 10 humaanisha propela izunguke mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikipanda, gari huondoka kwa nguvu zaidi na kuishiwa mwendo mapema. Pili ni mgawo. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili nguvu sawa, kwa hiyo moja likikosa mshiko, la pili nalo hupokea kidogo. Madereva wa malori wanalijua hili masika yanapoifanya njia ya Kitai kwenda Lituhi kuwa utelezi: gurudumu moja linazunguka bure topeni, jingine limesimama pakavu, na lori haliendi. Kuifunga difu huponya hapo, na huponya kwenye mstari mnyoofu. Lakini difu iliyofungwa moja kwa moja isipite kwenye kona za milima ya Umatengo, kwa sababu gurudumu la nje halitapata nafasi ya kuzunguka zaidi kuliko la ndani, na gari litakataa kukata kona.

Nilimwambia pia jambo ambalo simfichi yeyote. Barabara ya Songea–Mbinga ina wanafunzi, wakulima wa kahawa na bodaboda. Si uwanja wa mbio. Hata huko kwenye njia zilizofungwa, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki mashindanoni mwaka 2008, umbali kwa magari yenye kasi kubwa kabisa ulipunguzwa kutoka mita 402 hadi 305. Wenye ujuzi mkubwa walikubali kupunguza. Nasi tusubiri njia iliyofungwa yenye kibali.

Kisha nikampa kazi. "Usiniulize tena ubadilishe nini. Niambie gari lako linanesa kiasi gani, linatulia upesi kiasi gani, na ekseli yako imeshikwa na nini." Akaingia chini ya gari na tochi. Alipotoka alikuwa na majibu: springi za kulia zimechoka kuliko za kushoto, shokapu moja inavuja, na bushi za mbele za springi zimelika kiasi cha kuiacha ekseli icheze kwa upana wa kidole. Gari lile lilikuwa linahitaji mneso wake wa asili urudishwe kwanza, kabla ya difu ya aina yoyote.

Springi zilizotolewa hazitatupwa. Wafua chuma huzitafuta, wazigeuze panga na visu, kwa kuwa wanajua chuma kile hujipinda na kurudi bila kuvunjika. Mzee anayevukuta moto wake hahitaji mtu wa kumwambia mneso ni nini. Kilichobaki ni sisi tunaoandika vitabu vya ufundi kuliokota neno lililo mdomoni mwake na kuliweka mahali pake, ili kijana wa gereji alikute limeandikwa.