Maji ya Masasi Yanazaliwa Kusiko na Mto

Anayekinga ndoo bombani mjini Masasi anachota mvua iliyonyesha juu, kwa Wamakonde. Bomba linaanzia Mbwinji, kijito kinachochomoza chini ya ukingo wa Uwanda wa Makonde, upande wa Ndanda. Kikiachiwa njia yake, kijito hiki huteremka hadi Mto Lukuledi na maji yake huishia baharini, Lindi. Ni kidogo, lakini ndicho kinachonywesha Masasi na Nachingwea.

Ukikifuata kwenda juu, unakipoteza. Kule Newala, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, hakuna mto. Mvua si haba: hufika kama milimita 1,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ila ardhi ni mchanga na mawe ya mchanga, chujio tupu. Maji huzama, husafiri taratibu chini ya mashamba ya watu, na yakikuta tabaka lisiloyapitisha hutokeza ubavuni mwa mlima kama chemchemi. Milima ya Matumbi kule Kilwa nayo humeza mvua, lakini ile ni ya chokaa, na maji yameichimba mapango makubwa kama Nang'oma. Makonde hakuna pango la kuonyesha wageni. Kuna ukingo tu, ule ambao Wanewala wanauita Shimo la Mungu, na bonde la Ruvuma kule chini.

Sasa kwa nini watu wakae juu ya ukavu? Wamakonde wana jibu lao la kale. Mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake porini, alichonga kinyago cha mwanamke, na kinyago kikapata uhai. Mtoto waliyemzaa karibu na mto alikufa. Wakapanda, na wa pili akafa pia. Wa tatu alizaliwa juu kabisa, akaishi. Tangu hapo wazee wakausia watu wasijenge mabondeni. Anayejua mbu na malale ya mabondeni hataicheka hadithi hii.

Historia nayo iliwaunga mkono. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja, wakaanzisha kijiji kwenye tambarare. Mwaka 1882 wapiganaji walioitwa Wamagwangwara wakakivamia, wakaua na kuteka watu. Juu ya uwanda, kwenye vichaka ambavyo mgeni hawezi kuvipenya bila kuonyeshwa njia, adui alipata taabu. Baadaye, katika vita vya 1905 vilivyobeba jina la maji yenyewe, misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Mwaka 1906 mapadri walianza upya Ndanda, chini kabisa ya mteremko, na hadi leo kuna maji ya chupa yanayouzwa kwa jina la Ndanda.

Usalama wa juu ulilipiwa na wanawake. Mwaka huohuo wa 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Newala na akaandika jinsi maji yalivyopandishwa kutoka bondeni. Mtungi kichwani, mteremko wa mamia ya mita, na kesho tena. Clement Gillman, aliyeandika kuhusu kilimo cha uwanda huo mwaka 1945, naye alikuta watu wengi wakiishi mbali na maji.

Mashine zilifika miaka ya 1950, lilipoundwa shirika la kusukuma maji kuyapandisha na kuyauza. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1993 Ufini ilitia fedha na mafundi katika maji ya Mtwara na Lindi. Visima vya Mitema, karibu na Kitangari, bado ndivyo tegemeo la Newala na Tandahimba, na mradi wa maji wa Makonde umo katika ule wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Lakini mlima haujapungua urefu. Umeme ukikatika au pampu ikifa, watu hurudi kwenye visima vya saruji walivyojengea uani kuvunia mvua.

Kwa hiyo mkazi wa Newala huinunua tena, kwa gharama ya kuipandisha, mvua iliyozama ardhini kwake. Wa Masasi huyapokea maji yakiwa yameshateremka. Si chemchemi pekee inayohitaji ulinzi: kinachosaidia mvua kuzama ni vichaka vya juu, ambavyo vinafyekwa kwa mikorosho na mihogo. Penye udongo mtupu, hata wa mchanga, mvua huzama kidogo zaidi, na inayobaki hukimbia na kuchimba makorongo. Sehemu ya ankara ya maji ya mabondeni ipande mlimani, kwa wakulima watakaoacha vichaka visimame kwenye ukingo. Madiwani wa Masasi na Newala wanaweza kuanza na hilo katika bajeti ijayo.